KUVU NJEMA IPO, MBONA TWAENDELEA KULA SUMU?

Ndugu wafanyakazi,

Twaomba nafasi katika karatasi yetu hii tuseme jambo ambalo si la mshahara wala si la saa za kazi, lakini laingia tumboni mwa kila mmoja wetu kila siku. Ni jambo la mahindi.

Sisi tunaoandika ni wafanyakazi wa reli tuliozaliwa upande wa Siakago, katika nchi ya Mbeere, Kaunti ya Embu. Wazee wetu, wake zetu na watoto wetu wako huko mpaka leo. Sisi twakaza misumari ya njia, twafunga mabehewa, twashinda katika karakana, wao wanalima. Mwisho wa mwezi twatuma fedha nyumbani, na mwisho wa msimu nyumbani wanatutumia gunia. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Mshahara peke yake haumshibishi mtu na watoto wake, na shamba peke yake halilipi ada ya shule.

Wako wenzetu waliotuambia, "Mambo ya shamba pelekeni kwa bwana shamba, hapa ni chama cha wafanyakazi." Twawajibu hivi: mfanyakazi ambaye ini lake limeoza hana haja ya nyongeza ya mshahara. Chama kinachopigania shilingi ya mtu lakini hakiulizi shilingi hiyo inanunua nini, kimefanya nusu ya kazi.

Kwanza twakiri kosa letu wenyewe, maana asiyekiri lake hana haki ya kumshitaki mwenziwe. Mwaka mmoja, si wa zamani sana, mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Tukavuna kidogo. Katika nyumba ya mmoja wetu yalipatikana magunia sita ya kuuza, yakapelekwa kwa mnunuzi. Mnunuzi akachoma bambo, akatoa punje, akazipima katika chombo chake, akasema, "Haya yana sumu. Rudisha." Hakutuonyesha hesabu, wala hakutueleza ni sumu gani wala tuipeleke wapi. Jioni ile ile akaja mtu mwingine na lori. Yeye hakuwa na bambo wala chombo. Alitoa nusu ya bei, akapakia, akaenda zake. Na sisi tukapokea, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa, tukanyamaza.

Ndugu, yale magunia hayakutupwa. Mtu hatoi fedha akanunua mahindi ili akayatupe. Yalikwenda kusagwa. Na nani alikula unga ule? Si tajiri. Ni mtu anayenunua unga wa kupima kwa kibaba katika mitaa tunayokaa sisi. Basi inawezekana kabisa kwamba tuliuza sumu kwa nusu bei kule Siakago, tukainunua tena kwa bei kamili mjini, tukawapikia watoto. Hilo ndilo linalotuuma, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

SUMU YENYEWE NI NINI?

Inaitwa sumukuvu. Hutolewa na kuvu moja ya rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na manjano, iitwayo Aspagilasi. Kuvu hiyo inakaa katika udongo wa mashamba yetu. Jua likiwa kali na mvua ikikatika, mhindi unadhoofika, wadudu wanatoboa punje, na kuvu inaingia. Likisha kuvunwa hindi likawekwa lingali na maji, kuvu inazidi.

Sumu hii ilijulikana mwaka 1960 kule Uingereza, walipokufa batamzinga yapata laki moja kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu. Ndege za wenye mali zilipokufa, wataalamu wakatafuta usiku na mchana mpaka wakaiona sababu. Lakini watu wetu walikuwa wakifa lini, nani alikuwa akihesabu?

Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 waliingia hospitali na macho ya manjano, na 12 wakafa. Kisha mwaka 2004 likaja jambo kubwa katika Makueni, Kitui na jirani zake. Walihesabiwa wagonjwa 317, na katika hao 125 walikufa. Wengi wao hawakula mahindi ya wizi wala ya msaada. Walikula mahindi ya shamba lao wenyewe. Wataalamu walipochukua mahindi na unga sokoni wakapima, zaidi ya nusu yalipita kiasi kilichoruhusiwa wakati ule. Mwaka 2010 zikatangazwa habari za magunia yapata milioni 2.3 yasiyofaa kuliwa, hasa katika mashariki ya nchi, na sisi tumo. Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango likazuia aina tano za unga wa dukani. Unga huo ulikuwa umefungwa vizuri katika pakiti yenye picha nzuri.

Na hao waliokufa upesi ni wachache. Wengine hula sumu kidogo kidogo miaka mingi, kisha huja saratani ya ini, na jirani husema amerogwa. Tena ng'ombe akilishwa mahindi yale, sumu inapita ikaingia katika maziwa. Wala mama asijidanganye kwamba atapika sana iishe. Moto wa jiko hauimalizi. Kukoboa kwa muthokoi kunapunguza, maana sehemu kubwa iko katika ganda, lakini hakuondoi yote. Na jicho halitoshi: hindi laweza kuwa jeupe na zuri, na sumu imo ndani.

KUVU YA KUFUKUZA KUVU

Sasa tufike penyewe. Kwa miaka mingi tuliambiwa ni mambo ya Mungu. Si kweli. Dawa ya kuizuia shambani ipo, na dawa yenyewe ni kuvu.

Twajua baadhi yenu mtacheka. Sisi nasi tulicheka. Mtu akikuambia ununue kuvu ukamwage katika shamba lako, unamwona mwenda wazimu. Lakini sikilizeni kwanza. Wataalamu walikuta kwamba kuvu ya Aspagilasi si za tabia moja. Ziko zenye kutoa sumu, na ziko ndugu zake zisizoweza kutoa sumu hata kidogo. Zote zinakaa katika udongo mmoja na zote zinataka hindi lile lile. Mtu mmoja wa Marekani, Peter Cotty, aliichukua ile isiyo na sumu akaipeleka katika mashamba ya pamba ya Arizona, na tangu miaka ya 1990 wakulima wa kule wakaanza kuitumia. Kisha Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ikafanya kazi hiyo kwa ajili ya mahindi na karanga za Afrika. Hapa Kenya ilifanywa pamoja na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, yaani KALRO. Katika walioiongoza yumo mwanamke wa nchi hii, Dakta Charity Mutegi, aliyechunguza vile vifo vya Ukambani, na mwaka 2013 alipewa tuzo ya Norman Borlaug kwa kazi yake ya mashambani.

Walizichagua kuvu nne zisizo na sumu. Hazikutoka Ulaya wala Marekani. Ni kuvu za Kenya, za udongo huu huu. Wakazipaka juu ya punje za mtama uliokwisha kuuawa kwa moto ili usiote. Wakaiita Aflasafe KE01, na mwaka 2015 ikaandikishwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa za mashamba. Kiwanda cha kuitengeneza kimejengwa Katumani, Machakos. Wazee wetu walikwisha kulijua jina la Katumani tangu miaka ya 1960, kwa mbegu ya mahindi ya kukomaa upesi ambayo mpaka leo inapandwa Mbeere. Hata Watanzania wakapata ya kwao mwaka 2018.

Kazi yake ni rahisi. Kilo nne zatosha eka moja. Unamwaga kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua. Kwetu ni karibu na palizi ya pili. Ardhi iwe imelowa. Usifukie. Baada ya siku chache ule mtama unaota kuvu njema, nayo inapeperushwa na upepo na kubebwa na wadudu mpaka juu ya hindi. Kuvu mbaya ikija inakuta nyumba imekwisha kukaliwa. Mashamba mengi yaliyopimwa yalionekana kupungukiwa na sumu kwa sehemu 80 katika mia na zaidi, na ulinzi huo unafuatana na hindi mpaka ghalani.

Sisi wa reli hatuhitaji mfano wa mbali. Katika njia moja, gari lililokwisha kuingia katika sehemu yake huzuia jingine lisiingie. Na sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka habari ya ile nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, pepo aliyefukuzwa akarudi na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Nyumba tupu haikai tupu. Ukimwaga dawa kali ya kuua kila kuvu, utakuwa umefagia tu. Kesho atakuja yule yule. Afadhali umweke mpangaji mwema kwanza.

TUNAWAJIBU WANAOTUPINGA

Wa kwanza ni wale wanaosema, "Wakulima ndio wajinga na wavivu. Wangekausha mahindi yao vizuri pasingekuwa na sumu." Maneno haya husemwa na watu wenye viatu safi. Ni kweli kukausha kunafaa sana, na tutalisema hapa chini. Lakini kuvu huingia shambani, hindi likingali juu ya bua, jua linapolichoma. Je, mama yangu wa Siakago ndiye aliyeizuia mvua? Na akivuna mvua ikiwa inanyesha, hana turubai, hana ghala, akaushe juu ya nini? Kumlaumu mtu kwa kukosa kitu ambacho hukumpa ni desturi ya mabwana tangu zamani. Sisi tuliopata kuandikiwa barua ya kosa kwa kazi ambayo vifaa vyake hatukupewa, twaijua vizuri.

Wa pili ni wale wanaosema, "Hiyo ni hila ya wazungu, wanataka kutulisha kuvu." Ndugu, kuvu tayari mnaila. Swali ni ipi. Hii njema imetoka katika udongo wetu na imepimwa. Anayekataa kuimwaga hakuikataa kuvu, amechagua ile yenye kuua.

Wa tatu ni wale wanaosema, "Kama ni nzuri hivyo, kila mkulima angekwisha kuinunua." Hapa pana jambo la kweli, na twalikubali. Mkulima wa Siakago haoni sumu kwa macho. Akinunua kuvu njema, akapata mahindi safi, anakwenda sokoni anakuta mahindi safi na mahindi ya sumu bei yake ni moja. Jirani yake asiyetoa hata senti anauza sawa na yeye. Basi msimu wa pili ataitolea nini fedha? Soko lisilopima linamwadhibu mwema na kumpa zawadi mbaya. Kisha kipimo kinapokuja, kinakuja mwisho kabisa, katika mlango wa kiwanda, wakati hasara yote imekwisha kumwangukia mkulima, na yule wa lori anangojea nje na nusu bei yake.

Ndiyo maana twasema jambo hili si la mkulima mmoja mmoja. Ni la umoja. Hata kuvu yenyewe inatufundisha. Ile njema haina meno wala nguvu ya ajabu; inashinda kwa sababu mbili tu, imetangulia na ni nyingi. Shamba moja likimwagwa, linasaidika. Kijiji kizima kikimwaga msimu baada ya msimu, kuvu njema inazidi katika udongo wa wote, kwa kuwa upepo haujui mpaka wa shamba. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi hahitaji kuelezwa habari hiyo mara mbili. Mtu mmoja akigoma anafukuzwa. Wote wakisimama wanasikizwa.

Wa nne ni rafiki zetu ambao wamekwisha kusadiki kupita kiasi, wakadhani mfuko huu unatibu kila kitu. Hapana. Hauponyi mahindi yaliyokwisha kuingiwa na sumu. Hauzuii kuvu za namna nyingine, nazo ziko zenye sumu zao. Hauondoi kazi ya kuvuna kwa wakati, ya kutoyalaza mahindi juu ya udongo, ya kuchambua punje zilizooza na zilizovunjika. Mahindi yakauke mpaka maji yasizidi sehemu 13 na nusu katika mia. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie punje na chumvi kavu kidogo, atikise, aache kidogo. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji, arudishe juani.

TUNATAKA NINI?

Hatukuandika ili kulalamika tu, maana kulalamika hakujazi debe. Twaomba mkutano mkuu wa chama ulichukue jambo hili, na madai yetu ni haya:

1. Chakula kinachopikwa kwa wafanyakazi kazini, ugali na githeri, kitokane na mahindi yenye hati ya kupimwa. Sheria ya Kenya yasema sumukuvu yote isizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Hati hiyo ibandikwe ukutani, tuisome wenyewe. Kama mwajiri anapima mafuta ya injini, hashindwi kupima chakula cha mtu anayeiendesha.

2. Chama chetu cha akiba na mikopo kitoe mkopo mdogo wa msimu kwa ajili ya kuvu njema, turubai na mifuko isiyopitisha hewa, ulipwe baada ya mavuno. Twakopeshana kwa mazishi. Tukopeshane basi ili tusizikane.

3. Vyama vya ushirika vya wakulima viombwe kuagiza kuvu hiyo kwa pamoja, kijiji kizima, kabla ya mvua za Oktoba na kabla ya zile za Machi. Ikifika mahindi yamekwisha kuchanua, ni fedha iliyotupwa.

4. Mahindi yapimwe sokoni na katika ghala la kijiji, si katika mlango wa kiwanda peke yake, na mkulima aonyeshwe hesabu. Mahindi yaliyo safi yalipwe zaidi. Asiyelipa zaidi kwa kitu safi asidai kwamba anapenda usafi.

5. Mahindi yaliyokataliwa yasirudishwe mikononi mwa mtu mwenye njaa na deni. Yachukuliwe, yaharibiwe mbele ya watu, na mwenye mali apewe fidia hata kama ni kidogo. Ukimrudishia maskini gunia la sumu bila senti moja, umemwambia aliuze au alile. Hakuna njia ya tatu.

6. Kila mwanachama atakayekwenda nyumbani likizo achukue habari hii, aisome mbele ya wazee na akina mama, kwa lugha ya nyumbani. Mabwana shamba ni wachache na njia ni ndefu. Sisi ni wengi, na kila wiki kuna mmoja wetu anayepanda gari kwenda kwao.

Twajua watu watauliza fedha zitatoka wapi. Twawauliza nao: zile za kuwazika watu 125 zilitoka wapi? Za kuwauguza walio na saratani ya ini zinatoka wapi? Zinatoka katika mfuko ule ule, wa mtoto wa maskini anayeuza ng'ombe ili baba yake alale kitandani hospitali wiki mbili, kisha arudishwe nyumbani akafe.

Twarudi kwa yale magunia sita. Tangu siku ile, katika nyumba ile wamekataa kuuza kwa mtu wa lori. Msimu uliofuata walichanga na majirani, wakanunua kuvu njema, wakaimwaga asubuhi baada ya mvua, watoto wakisaidia. Jirani mmoja mzee alisimama katika ua akacheka mpaka akakohoa, akauliza kama wanapanda mtama juu ya mahindi. Wakavuna, wakakausha juu ya turubai, wakapeleka kwa mnunuzi mwenye bambo. Akapima, akasema, "Haya yaingie." Bei ilikuwa ya kawaida tu, haikuongezwa hata shilingi. Lakini gunia la nyumbani lililotufikia hapa mjini, tulilila bila hofu. Na yule mzee wa ua, msimu uliofuata, alikuja kuuliza kilo nne ni bei gani.

Basi ndugu, tusingoje mpaka tuhesabiwe tena kama walivyohesabiwa mwaka 2004. Kuvu mbaya hailali, na wa lori hawalali. Tutangulie, tena tuwe wengi.

Umoja ni nguvu.

Sisi wafanyakazi wa reli, wenyeji wa Siakago